Usifunge Gitaa Kabla Hujagongewa

Chini ya kitanda changu, hapa Frere Town, kuna gitaa lisilo na mgongo. Nimelifunika kwa kanga ya marehemu mke wangu, na si kwa sababu ya vumbi, ni kwa sababu ya macho ya watu. Nyinyi vijana mnaokuja kuniamkia mkaniuliza, "Mzee Elia, mbona umeacha kazi?", huwajibu kwamba kidole gumba kimenigomea. Ni kweli, lakini si yote. Leo nitasema yote. Kaeni vizuri, na huyo anayechezea simu aiweke mfukoni.

Nimetengeneza magitaa maisha yangu yote ya utu uzima. Sisemi yale ya umeme yanayopasua masikio harusini. Nasema lile la nyuzi za nailoni, linalopigwa kwa kucha, mpigaji ameketi na mguu mmoja juu ya kibago. Na maisha hayo yote nimemwonea wivu mtu mmoja, jina lake Athmani. Nawaambia mapema ili msije mkadhani mnasimuliwa na mzee mwenye moyo safi. Moyo wangu mimi naujua.

Sote wawili tulifunzwa kazi na Fundi Heri, Mungu amrehemu, nyuma ya soko la Kongowea. Fundi Heri alikuwa mtengenezaji wa udi za waimba taarabu, kisha akaingia kwenye magitaa, na jambo la kwanza alilotufunza ni kwamba gitaa ni uso. Uso ni ule ubao wa mbele wenye tundu. Shingo ni ya kushikia, mgongo ni wa kufungia, lakini sauti inatoka usoni. Ubao wenyewe tuliupata kwenye piano mbovu, msonobari wa Ulaya uliokauka kabla sisi hatujazaliwa. Piano ikifa mahali popote Mombasa, Fundi Heri alikuwa wa kwanza kufika kutoa pole.

Upande wa ndani wa uso tulibandika fito. Fito za Fundi Heri zilikuwa chache, zimetawanyika kutoka tunduni kwenda chini kama chelewa za ufagio. Kazi yake ni kuuzuia uso usikunjwe na nyuzi. Wembamba wa ubao tuliupima kwa taa. Unapiga randa, unakwangua kwa kipande cha kioo, kisha unaushika ubao mbele ya balbu. Ukiona wekundu kama wa sikio la mtoto aliyesimama mbele ya jua, weka kioo chini. Mkizidisha hapo, msije kwangu kulia.

Mimi nililia kwa jambo jingine. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikabandika fito wakati wa masika, ubao umevimba kwa unyevu kama andazi. Kaskazi ilipoingia na hewa ikakauka, uso ule ulipasuka kutoka juu hadi chini, mteja amelipakata, yuko katikati ya wimbo. Ulitoa mlio kama bunduki. Mteja akalitupa gitaa akakimbia. Fundi Heri akaniambia, "Elia, umemvika mtu kanzu angali ana maji ya kuoga." Tangu hapo sibandiki uso kama mvua inanyesha, hata aje nani.

Sasa lipo jambo moja ambalo hamtalipata kwenye hizo video zenu. Kwa Fundi Heri, gitaa halikufungwa mgongo mpaka fundi mwenzako aje aligonge. Uso umeshabandikwa, fito zimeshakaa, tumbo li wazi. Mwenzako anaushika kwa ncha za vidole, anaugonga kwa kifundo, hapa na hapa na hapa, sikio karibu. Akiridhika husema neno moja tu, "Funga." Asiporidhika husema, "Bado." Hakuna kubishana. Fundi Heri alisema kila mama huamini mwanawe ndiye anayeimba, kwa hiyo sikio la mwenyewe halifai. Ukishafunga mgongo, kasoro imekwisha kuzikwa hai, nayo itakupigia kelele maisha.

Kugonga kunataka kimya, na Kongowea kimya ni cha kutafuta kwa tochi. Malori ya bara yanashusha viazi, hamali wanapiga kelele na mikokoteni yao, "Njia! Njia!" Lakini Ijumaa, saa ya sala, soko hutulia kidogo. Fundi Heri na Athmani walikwenda msikitini, mimi Mkristo nikaachwa karakanani peke yangu na mbao zote. "Tukirudi utuambie ipi hai na ipi maiti." Nikawa nagonga Ijumaa baada ya Ijumaa, na hivyo ndivyo nilivyopata sikio. Watu walisema Elia husikia mchwa akitafuna nyumba ya pili.

Ila Jumapili nilipokuwa kanisani, Athmani alikuwa karakanani na Fundi Heri, wao wawili tu. Nilikuwa nikiimba nyimbo za Bwana huku nikijiuliza, anamfunza nini huko? Jumatatu nikifika namwona Athmani anashika patasi kwa namna ambayo sikuionyeshwa. Hapo ndipo wivu ulipoanza, na wala sikumwambia mtu. Mikono yake ilikuwa mizuri, wallahi, kama anavyosema mwenyewe. Ukiangalia kiungo alichokichonga hupati hata pa kuingiza unywele.

Fundi Heri alipofariki tulitengana. Mimi nikabaki huku Kisauni, Athmani akahamia Changamwe upande wa Airport. Wateja wakawa wanatulinganisha. Huyu anasema, "La Athmani limenyooka zaidi." Yule anasema, "La Elia tamu zaidi." Mimi nilimsikia yule wa kwanza tu. Lakini jambo la ajabu ni hili: pamoja na kijicho chote hicho, hatukuacha kugongeana. Tulikuwa hatualikani hata kwenye Idi wala Krismasi, lakini gitaa likiwa tumbo wazi, simu inalia. "Ndoo unigongee," Athmani husema hivyo kwa Kimvita chake, yaani njoo, na mimi hupanda gari nikaenda. Ningemwita nani mwingine? Hakuna sikio nililoliamini kuliko la yule nisiyempenda.

Halafu kikaja kimia.

Kilinijia mimi kwanza, ndiyo maana kinaniuma mpaka leo. Mgeni mmoja wa hoteli za pwani alilikalia gitaa lake. Dereva akaniletea vipande kwenye mfuko. Nikashika uso, nikaona mwembamba kama manda ya sambusa. Ndani sikuangalia hata kidogo. Nikamwambia dereva, "Hili si gitaa, ni kiberiti. Mpelekee Athmani wa Airport, yeye anapenda michezo ya watoto."

Athmani akaangalia ndani. Akakuta fito hazikutawanyika kama chelewa. Zilikuwa nyingi, nyembamba, zimekatizana mshazari huku na huku, kimia kizima mfano wa wavu, kama fito za ukuta wa nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Kila zilipokutana, moja imechongwa nusu na nyingine nusu, zikaingiana. Akaelewa palepale. Uso mzito hula nguvu ya kidole kabla sauti haijatoka. Uso mwembamba hauli kitu, lakini hauwezi kusimama peke yake, nyuzi zitauzamisha. Kimia kinausimamisha bila kuutia uzito. Akachora yote ukutani kwa mkaa, akatafuta mti wa msufi kwa sababu ni mwepesi, akaokota fimbo za kisasa za kuvulia zilizovunjika, akazichana zile nyuzi nyeusi za kaboni akazibandika juu ya kila ufito. Mikono ile ya Jumapili ilikuwa imepata kazi yake.

Aliponiita kugonga la kwanza, niligonga mara moja tu. Sauti ilijaa chumba. Nikasema "Funga" kama mtu anayetema kokwa, nikarudi nyumbani sikula. Wateja waliponiuliza habari ya magitaa mapya ya Athmani nikawaambia, "Debe tupu haliachi kuvuma." Wakacheka, kisha wakaenda kununua kwake.

Sasa mjue kwamba kitinda mimba wangu, Neema, ndiye mpigaji. Nilimfunza mwenyewe kwenye gitaa langu la chelewa, tangu miguu yake haijafika chini. Leo anafundisha muziki, na mwaka huu alichaguliwa kupiga peke yake mbele ya kundi la wapiga fidla kwenye ukumbi mmoja kule mjini. Mwalimu wa kundi hataki vipaza sauti, anasema mti uongee wenyewe. Neema akarudi kutoka mazoezini uso umemshuka.

"Baba," akaniambia, "la kwako ni tamu, lakini halifiki. Fidla zikianza, mimi napotea."

"Waambie wapige polepole."

"Baba!"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na jibu chini ya kitanda. Ndiyo, hilohilo. Nilikuwa nimetengeneza kimia changu kwa siri, kwa ajili yake, na kidole hiki kikilia kila nikishika patasi. Uso wenye wekundu wa sikio la mtoto na zaidi. Fito za msufi, viungo nusu kwa nusu. Lilibaki kufungwa tu. Na ili lifungwe, lazima ligongwe. Na mgongaji ni nani? Nimwite Athmani aje aone Elia wa debe tupu ameiga debe? Bora nife! Nikasema nitamwita wiki ijayo, na wiki hiyo haikufika. Neema akachoka kuningoja bila kujua alikuwa akingoja nini. Akaenda Changamwe.

Nilijua siku Athmani aliponipigia. "Bwana Elia, salaam. Kesho ndoo unigongee."

"La nani?"

"La binti yako."

Vijana, wivu juu ya mke wangu nilipokuwa kijana ulikuwa mchezo. Huu ndio ulikuwa wenyewe. Mwanangu mwenyewe, mikono niliyoifunza mimi, ikashike kazi ya Athmani, mbele ya mji mzima! Usiku kucha nilimtukana kimoyomoyo. Asubuhi nikavaa shati safi nikaenda.

Nilimkuta Neema keshafika. "Shikamoo Baba," akasema bila kuniangalia. Athmani amevaa kofia yake, gitaa liko juu ya meza, tumbo wazi. Pale Airport kugonga ni kwa kuvizia, maana ndege zinapita juu ya mabati. Tukangoja moja ipite. Kikaja kimya, nikaugonga uso.

Katikati, hai. Chini, hai, nikasikia mpaka meno yakawasha. Nikaja upande wa nyuzi nene, karibu na ukingo. Pale sauti ikakatika, fupi, kavu, kama kugonga kitabu. Nikarudia. Pamekufa. Mahali padogo tu, pa kufunikwa na kidole. Athmani alikuwa ananitazama, Neema ananitazama, na wote wawili nyuso zinasema, tafadhali.

Hapo ndipo shetani aliponijia, na hakuja na pembe, alikuja na adabu. Akanong'ona, sema "Funga". Ni neno la heshima, kila mtu atafurahi. Gitaa litakwenda ukumbini, joto la watu litapanda, pale pakavu pataanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa, na mji mzima utasikia kazi ya Athmani. Ningepata nilichokitaka tangu ujana kwa neno moja la kistaarabu. Lakini ingekuwa kwenye mapaja ya mwanangu.

"Bado," nikasema.

Athmani akasimama. "Bado nini?"

"Hapa pamekufa."

Akagonga mwenyewe. "Miye sisikii kitu. Hiyo ni husuda, Elia. Weye ni hasidi tangu kwa Fundi Heri."

"Ndiyo, nakuhusudu!" nikamwambia, na sauti yangu ikapanda kuliko nilivyotaka. "Nakuhusudu tangu Jumapili zile mlizokuwa peke yenu. Nakuhusudu mikono, nakuhusudu hicho kimia, nakuhusudu kwamba binti yangu amekuja kwako. Lakini hapa pamekufa!"

"Baba, basi," Neema akasema, machozi yanamlenga. "Onyesho ni karibu. Wewe mwenyewe hukunitengenezea. Mwache mwenzako afunge."

Ndege nyingine ikapita. Nikachukua penseli nikatia alama mahali pale, nikaondoka. Hii ndiyo adhabu ya hasidi, wanangu. Siku akisema kweli, hana shahidi.

Nyumbani Neema aliniwekea chai bila kuketi. Nilikunywa chai ya aina hiyo siku kadhaa. Kila simu ikilia nilidhani ni mtu wa kuniambia limefungwa. Kisha ikalia ya kweli.

"Ndoo," Athmani akasema, akakata.

Nilipofika hakuniomba radhi, na mimi sikuitaka. Alinimiminia kahawa, akanisogezea kashata, akaniambia huku anatazama mlangoni, "Nilimulika kwa tochi, nikatia kioo kuona ubavu wa fito. Fito mbili pale zilipokutana, gundi haikufika. Kiungo kimekazana hata gundi haikupata pa kupita." Yaani, jamani, kasoro yake ilitokana na uzuri wa mkono wake! Hata kukosea anakosea kwa sifa. Alikuwa amesukuma gundi kwa sindano ya hospitali, akabana kwa jiriwa, akaacha ikauke.

Tukangoja ndege ipite. Nikagonga. Uso wote ukaitika, kutoka ukingo hadi ukingo, na pale pa penseli ndipo palipoitika zaidi. Sasa lilikuwa gitaa zima kuliko lolote nililowahi kulishika, likiwemo la kwangu, na nililikamilisha mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Funga," nikasema. Halikunitoka kirahisi.

Siku ya onyesho nilikaa benchi la nyuma kabisa. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Nilikaa kule nikitumaini halitafika. Fidla zikaingia zote kwa pamoja, nikasema moyoni, haya, tuone. Na katikati ya fidla zile nikamsikia Neema, kila kidole, kila pumzi, kana kwamba amekaa kwenye kibago chake sebuleni kwangu. Lilifika. Nililia, na msinitafutie sababu nzuri. Nusu ilikuwa furaha ya mzazi, nusu ilikuwa wivu mtupu.

Nje watu walimzunguka Athmani, chanda chema huvikwa pete. "Hili gitaa nani katengeneza?" Akanivuta mkono mbele yao. "Nimetengeneza miye, lakini aliyeniruhusu kufunga ni huyu." Hata wema wake uliniudhi.

Kesho yake nikavuta kanga. Neema alikuwa anafagia, akaona kimia, ufagio ukamtoka mkononi. Akapiga magoti akapitisha kidole juu ya fito.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu kabla hujaenda kwa ami yako."

"Na kwa nini hukumwita aje akugongee?"

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba debe tupu nalitaka na mimi?"

Akachukua simu yangu akampigia mwenyewe.

Athmani alikuja kwa bodaboda, ameshika kofia isipeperuke. Nilimngoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alilipakata gitaa, akazungusha macho ndani, akasema tu, "Aa, msufi." Kisha akainamisha sikio akaanza kugonga. Frere Town mchana ilikuwa kimya, hata kuku walinyamaza. Aligonga kote. Akarudi mahali pamoja, chini ya tundu. Akarudi tena.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Hiyo ni husuda!" nikaruka, na Neema akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Athmani hakubishana. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akatia alama, akamaliza chai yake, akaniambia, "Ukiwa tayari, nambie," akaenda zake.

Nilibaki nalo mapajani. Nikagonga pale penye alama kwa hasira, ili nimwumbue. Nikagonga tena polepole. Mimi, Elia, mwenye sikio la kusikia mchwa, nimelala juu ya gitaa hilo miezi yote hii sijawahi kusikia. Pamekufa. Yule mtu amesema kweli.

Basi ndiyo sababu nimewaita. Kidole changu hakiwezi tena kuingiza sindano ndani ya tumbo la gitaa, na nyinyi vidole vyenu ni vizima. Wewe, chukua tochi. Wewe, kioo. Tusimwage gundi, tusikimbie, na Ijumaa sala ikiisha nitampigia yule hasidi mwenzangu aje tena.